Michirizi Ndani ya Mtutu

Tarehe 2 Julai 1890, mjini Brussels, wajumbe wa mataifa ya Ulaya, pamoja na wale wa Marekani, Uturuki, Uajemi, Kongo ya Mfalme Leopold na Zanzibar, walikamilisha mkataba mrefu wa kukomesha biashara ya watumwa barani Afrika. Wengi wanaoukumbuka mkataba huo hukumbuka majahazi yaliyosakwa baharini na misafara iliyozuiwa barabarani. Lakini kuanzia kifungu cha nane kulikuwa na jambo jingine, nalo ndilo lililogusa zaidi maisha ya watu wa bara. Kati ya digrii 20 kaskazini ya ikweta na digrii 22 kusini, ilikatazwa kuingiza bunduki, hasa zile zenye michirizi ndani ya mtutu na zile za kisasa zinazojazwa risasi kwa nyuma. Zilizoachiwa upenyo, kwa idhini ya serikali husika, ni gumegume zenye mtutu laini pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Majeshi ya serikali hayakufungwa na katazo hilo.

Milima ya Gusii, magharibi mwa Kenya ya leo, haifiki hata digrii moja kusini ya ikweta. Ilikuwa katikati kabisa ya ukanda uliopigwa marufuku, ingawa mwaka 1890 hakuna mtu wa koo zake, wa Nyaribari wala Kitutu, aliyeulizwa lolote.

Naomba msomaji akae kidogo na kifungu hicho. Waliokiandika walijua tofauti kati ya bomba mbili za chuma ambazo kwa nje zinafanana. Moja waliona inaweza kuuzwa kwa Mwafrika bila hatari kubwa kwa mtawala. Nyingine walitaka ibaki mikononi mwa dola. Tofauti hiyo iko ndani, mahali ambapo mtu haoni mpaka ainue mtutu kuelekea kwenye mwanga na kuchungulia.

Pwani yetu iliifahamu vyema bomba ya kwanza. Mwaka 1888 balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kila mwaka kupitia pwani ya Afrika Mashariki. Nyingi zilikuwa takataka za maghala ya Ulaya, gobori na gumegume ambazo majeshi ya huko yalizitupa baada ya kupata silaha bora. Zilipanda bara na misafara, zikabadilishwa kwa pembe za ndovu, zikawapa nguvu akina Mirambo na Tippu Tip. Misafara iliyopita upande wetu ilielekea Mumias na Buganda. Milima ya Gusii ilibaki kando, na Abagusii waliendelea kutegemea mkuki na ngao ya ngozi.

Gobori ilikuwa na udhaifu wa kimaumbile. Musketi maarufu ya jeshi la Uingereza ilikuwa na tundu la kipenyo cha milimita 19 hivi, na gololi yake ilikuwa ya milimita 17 na nusu. Nafasi hiyo iliachwa makusudi. Baruti nyeusi huacha masizi mazito, na baada ya kufyatua mara kadhaa gololi inayobana isingeshuka tena kwa kusukumwa kutoka mdomoni. Basi gololi ilipofyatuliwa ilipita ndani ya mtutu ikigonga ukuta huu na ule, na mgongano wa mwisho kabla ya kutoka ndio ulioamua ielekee wapi. Ikitoka imezunguka kuelekea kulia, hewa iliivuta kulia; ikitoka imezunguka kuelekea chini, ilizama. Mpigaji hakuwa na namna ya kujua. Kwa hatua 80 aliweza kumpiga mtu aliyemlenga. Kwa hatua 150 alikuwa anabahatisha tu, na kwa 200 hata fundi alikuwa akipoteza baruti.

Mhandisi Mwingereza Benjamin Robins aliyaeleza haya mwaka 1747 mbele ya Royal Society mjini London. Alisema gololi hupotea njia kwa sababu huzunguka ovyo, na dawa yake ni kuilazimisha izunguke kwa namna moja inayojulikana, kwenye mhimili ule ule inaoelekea. Mafundi wa Ujerumani walikuwa wamekwisha kuchonga michirizi ya kujisokota ndani ya mitutu ya wawindaji karne mbili kabla yake, ila yeye ndiye aliyeeleza kwa hesabu kwa nini inafanya kazi. Risasi ikipita kwenye mtutu wa namna hiyo, matuta yaliyo kati ya michirizi huikata kidogo ubavuni na kuizungusha. Ikitoka inasimama imara hewani kama pia iliyotupwa vizuri, ambayo ukiigusa hutikisika kisha ikarudi wima. Pua yake hubaki mbele. Hapo ndipo mafundi wakaweza kuacha gololi ya mviringo na kutumia risasi ndefu, nyembamba, yenye kupasua hewa na kufika mbali.

Likabaki swali la umbo, nalo liliwashughulisha mafundi kwa miaka mia nzima. Michirizi iwe mingapi? Iwe na kina gani? Msokoto uwe wa haraka au wa polepole? Pembe ziwe kali au za mviringo?

Joseph Whitworth wa Manchester, fundi aliyesifika kwa kupima vitu kwa usahihi kuliko yeyote wa wakati wake, aliachana kabisa na michirizi. Katika miaka ya 1850 alichonga mtutu ambao tundu lake lilikuwa na pande sita, lililojisokota mzunguko mmoja kila inchi 20, na risasi iliyochongwa kulikaa sawasawa. Bunduki ya jeshi ya wakati huo ilisokota mzunguko mmoja kwa inchi 78. Katika majaribio ya mwaka 1857 Whitworth aliiacha mbali sana. Tarehe 2 Julai 1860, miaka thelathini kamili kabla ya mkataba wa Brussels kukamilishwa, Malkia Victoria alifungua mashindano ya kulenga shabaha Wimbledon kwa bunduki ya Whitworth iliyokazwa kwenye chuma ili isitikisike. Alivuta uzi wa hariri tu, na risasi ikatua karibu kabisa na kiini cha shabaha iliyokuwa yadi 400. Hakuna gobori duniani iliyoweza kufanya hivyo, hata ikazwe kwa chuma gani.

Jeshi lilikataa tundu la pande sita kwa sababu lilijaa masizi upesi na lilikuwa ghali. Wazo lake halikufa. Alexander Henry wa Edinburgh alichonga mtutu wa pande saba wenye matuta madogo kwenye pembe, na huo ukawekwa kwenye Martini-Henry ya mwaka 1871, silaha iliyozunguka dola yote ya Uingereza. Baadaye William Metford aliyaona mambo kwa jicho jingine. Alisema michirizi haihitaji kwenda chini sana. Inatosha iwe saba, ya kina kidogo, yenye kingo za mviringo ambazo masizi hayashiki. Mwaka 1888 mtutu wake wa kipenyo cha inchi .303 ukaingia jeshini.

Kisha kemia ikaubomoa. Kodaiti, baruti isiyotoa moshi iliyoanza kutumika miaka ya mwanzo ya 1890, huwaka kwa joto kali kuliko baruti nyeusi. Ilikula matuta laini ya Metford haraka, na mtutu uliopigiwa risasi elfu chache ulipoteza shabaha. Kiwanda cha Enfield kikaja mwaka 1895 na michirizi mitano tu, yenye kingo za mraba na kina kikubwa kidogo, ikijisokota kushoto mzunguko mmoja kila inchi 10. Chuma kilichobaki kwenye matuta kilikuwa kingi zaidi, hivyo kikastahimili moto. Umbo hilo ndilo lililokuja kututawala.

Kulichonga kulihitaji subira. Kwanza chuma kigumu kilitobolewa urefu wote, kisha tundu likasafishwa mpaka likawa laini na sawa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Halafu fimbo yenye kisu kidogo cha ndoana ilivutwa ndani yake huku ikizungushwa taratibu na mashine, na kila mvuto uliondoa unyuzi mwembamba wa chuma usioonekana kirahisi kwa macho. Fundi alirudia hivyo mara nyingi kwa kila mchirizi, akiinua kisu kwa kipimo kidogo sana, mpaka kina kikafika. Akikosea kwa upana wa unywele sehemu moja, risasi hubana hapo na kulegea pale, na silaha hiyo haitakuwa ya kuaminika hata ishikwe na nani. Ndiyo maana silaha hii haikuwa rahisi kuigwa na mhunzi wa kijijini, hata mhunzi hodari wa Kigusii aliyejua kufua mkuki unaopinda bila kuvunjika.

Reli ilifika Kisumu tarehe 20 Desemba 1901. Mwanzoni mwa mwaka uliofuata, tarehe 1 Januari 1902, vikosi vya Uingereza vya Afrika ya Kati, Afrika Mashariki na Uganda viliunganishwa kuwa King's African Rifles, jeshi ambalo watu wetu walilijua kwa jina la Keya. Aprili mwaka huo huo nchi ya Gusii ilihamishwa kutoka Uganda na kuingizwa katika Himaya ya Afrika Mashariki. Kwenye karatasi Abagusii walikuwa wamepata mtawala mpya. Milimani kwao hakukuwa na afisa hata mmoja.

Abagusii hawakuwa watu wasiojua vita. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 koo zao ziliungana na kuwashinda Wakipsigisi kule Mogori, vita ambavyo Wakipsigisi wenyewe wanaviita Saosao na kuvikumbuka kwa huzuni mpaka leo. Vijana waliishi kwenye ebisarate, makambi ya ng'ombe, na huko ndiko walikojifunza kukimbia, kuvizia, kujikinga na kuchoma. Mbinu zao zilijengwa juu ya umbali ambao mkuki unaweza kuruka: hatua 30, labda 40 kwa mkono wenye nguvu. Ndani ya umbali huo ngao na wepesi vilikuwa na maana. Nje ya umbali huo hakukuwa na vita, kulikuwa na kutukanana tu.

Anayetoka Kisii kuelekea mashariki hadi Birongo leo ataona kwa nini jambo hili lilikuwa zito. Nchi ya Nyaribari ni ya matuta marefu na mabonde ya kina. Kwenye tuta moja kuna migomba, chai na mikaratusi, na ng'ambo ya bonde kuna tuta jingine, ambapo unaweza kumwona mtu akipita na kujua kama amevaa koti jekundu au la. Kumfikia lazima ushuke mpaka mtoni, uvuke, upande tena. Kwa shujaa mwenye mkuki, bonde hilo lilikuwa ngome. Adui wa tuta la pili hakuweza kumdhuru kabla hajashuka na kupanda, na kwa muda huo watu wangekuwa wamejipanga na kumsubiri. Bunduki ya .303 yenye michirizi mitano iliondoa bonde hilo. Kijicho cha kulengea kwenye bunduki hizo kilipimwa kufika zaidi ya yadi 1,500. Risasi ya gramu 14 hivi ilitoka ikienda zaidi ya mita 600 kwa sekunde, na kwa msokoto ule wa inchi 10 ilikuwa ikizunguka zaidi ya mara 2,000 kila sekunde. Kutoka tuta hadi tuta ilifika kabla sauti yake haijafika. Nadhani hili ndilo jambo linaloachwa tunaposimulia kushindwa kwa wazee wetu kana kwamba lilikuwa suala la ujasiri au la uganga. Walikuwa wamejenga maisha na ulinzi juu ya umbile la nchi, na michirizi mitano ndani ya chuma ikabatilisha umbile hilo.

Mwaka 1905 ulikuwa mwaka mbaya kwa Afrika Mashariki yote. Kusini, Julai, Vita vya Maji Maji vilianza dhidi ya Wajerumani. Waliokunywa maji ya mganga Kinjikitile waliamini risasi zingegeuka maji. Mara nyingi imani hiyo inasimuliwa kama upumbavu wa watu wasiosoma, nami siikubali simulizi hiyo. Watu wa kusini walizijua bunduki kwa miaka mingi kabla ya hapo, lakini walizijua kwa umbo la gobori. Mtu aliyekuwa ameponea gobori mara tatu nne, akaona gololi zikipita kando kwa hatua mia moja, alikuwa na sababu ya kuamini kwamba risasi inaweza kukosa, na kwamba kuna anayeweza kukingwa nayo. Uzoefu huo ulikuwa wa kweli. Ulihusu mtutu mwingine. Mahenge, tarehe 30 Agosti 1905, waliikuta bombom, yaani bunduki ya rashasha.

Mwaka huo huo Keya na polisi waliingia Gusii kwa mara ya kwanza kwa nguvu, kuadhibu koo zilizokataa amri na kutuhumiwa kuvamia mifugo ya jirani. William Robert Foran, afisa wa polisi aliyekuwamo, aliandika baadaye yaliyotokea. Askari walijipanga mraba, mashujaa wakaushambulia, na bunduki ya rashasha ya Maxim ikafyatua kwa muda mrefu hivi kwamba mtutu wake ukakaribia kuwa mwekundu kwa joto. Alisema mamia ya waliokufa na kujeruhiwa walilala wamerundikana nje ya mraba ule. Maxim haikuwa na shabaha ya Whitworth, wala haikuhitaji. Mtutu wake ulizungukwa na maji lita nne hivi, na baada ya risasi kama mia sita maji hayo huanza kuchemka na kutoa mvuke. Mtutu ukipata joto namna hiyo, chuma hupanuka, tundu hulegea, risasi hutawanyika. Kwa mwindaji huo ni uharibifu. Kwa mtu anayefyatulia kundi la watu wanaokuja mbio wenye mikuki, risasi kutawanyika ni faida. Foran alishangazwa na joto la chuma. Mimi nashangazwa na watu waliokuja mbele mpaka chuma kikafika joto hilo, kwa kuwa walikuwa wakijaribu kufika hatua 40.

Mwaka 1907 serikali ilifungua kituo Getembe, ambapo leo ni mji wa Kisii, na Geoffry Northcote akawekwa kuwa afisa. Watu walimwita Nyarigoti. Miongoni mwa waliompinga alikuwa Moraa Ngiti, mwanamke aliyeheshimiwa kwa maono na uganga, aliyewahimiza vijana wasikubali kuwa watumwa katika nchi yao. Januari 1908 Otenyo Nyamaterere alimvizia Northcote njiani na kumchoma mkuki. Otenyo alifanya kwa usahihi kile mbinu za Gusii zilitaka: alimsubiri mpaka akafika ndani ya umbali wa mkono. Northcote alijeruhiwa vibaya lakini akapona. Miaka mingi baadaye aliishia kuwa gavana wa Hong Kong.

Kilichofuata kilikuwa kisasi. Keya walirudi, nyumba zikachomwa, ng'ombe wakachukuliwa, watu wakapigwa risasi kutoka umbali ambao hawakuweza kujibu. Taarifa zilipofika London mwanzoni mwa mwaka 1908, Winston Churchill, aliyekuwa naibu wa waziri wa makoloni, alisoma kwamba watu 160 walikuwa wameuawa na upande wa serikali haukuwa umepata hasara zaidi. Aliuliza kama kweli ilihitajika kuendelea kuua watu wasioweza kujilinda kwa kiasi kikubwa namna ile. Swali lake lilikuwa sahihi, na jibu lilikuwa kwenye hesabu yenyewe. Uwiano wa 160 kwa sifuri hauletwi na ushujaa wa upande mmoja. Unaletwa na mita 500 za hewa ambazo upande mmoja unaweza kuzivuka na mwingine hauwezi.

Otenyo alikamatwa na kuuawa. Masimulizi ya Abagusii yanasema alikatwa kichwa na kichwa hicho kikapelekwa Uingereza, na ukoo wake pamoja na viongozi wa Gusii wameendelea kudai kirudishwe ili azikwe kama mtu.

Miaka sita baadaye mitutu ilirudi milimani, safari hii ikielekezwa kwa mitutu mingine. Vita Kuu ilipoanza Agosti 1914, mpaka kati ya Kenya ya Mwingereza na Tanganyika ya Mjerumani ukawa uwanja wa mapigano. Septemba, kikosi cha Kijerumani chini ya Kapteni Bock von Wülfingen kilivuka kutoka kusini, kikaichukua Karungu kando ya ziwa, na tarehe 11 Septemba kikaingia Kisii bila upinzani, kwani maafisa wa serikali walikuwa wameondoka. Siku ya pili Keya waliokuwa wametua Kendu Bay walifika chini ya Kapteni Thorneycroft. Walipigana mchana kutwa kwenye vilima vinavyozunguka mji. Thorneycroft akauawa. Ilipofika jioni pande zote mbili zilirudi nyuma, na Wajerumani wakaondoka kurudi kusini.

Hapo umbo la mtutu lilikuwa na hadithi yake. Askari wengi wa jeshi la Kijerumani mwaka 1914 walikuwa bado wanabeba Mauser ya mwaka 1871, yenye mtutu wa milimita 11, michirizi minne, na msokoto wa polepole wa mzunguko mmoja kwa sentimita 55. Risasi yake ilikuwa nzito, ya gramu 25, ikienda zaidi kidogo ya mita 400 kwa sekunde. Ililenga vizuri kwa kizazi chake, lakini ilikuwa inatumia baruti nyeusi, na kila ilipofyatuliwa ilitoa wingu jeupe lililomwonyesha mpigaji. Kamanda wao, Lettow-Vorbeck, mwenyewe alilalamikia jambo hilo, na bunduki za kisasa alizoziteka Tanga mwezi Novemba zilimfaa sana. Mtutu mzuri peke yake haukutosha tena. Mtu aliyefichwa na moshi wake mwenyewe haoni shabaha, na adui anaiona vizuri sana shabaha yake.

Kwa siku chache baada ya mapigano, mji wa Kisii haukuwa na mwenyewe. Watu wa milimani waliingia na kupora ofisi, maduka na vituo vya misheni, Nyabururu ya Wakatoliki na Nyanchwa ya Waadventista. Mafundisho ya Mumbo, yaliyoanzishwa mwaka 1913 na Onyango Dunde wa Alego na kuvuka hadi Gusii, yalikuwa yametabiri kwamba Wazungu wataondoka, na kwa muda mfupi ilionekana wameondoka kweli. Waliporudi waliwaadhibu watu kwa risasi na kwa faini ya ng'ombe. Baadaye wanaume wengi wa Gusii walichukuliwa kuwa wapagazi wa Kariakoo (Carrier Corps), wakibeba mizigo ya vita vya watu wengine hadi kusini mwa Tanganyika, na wengi hawakurudi.

Bunduki iliyokuwa ikienea majeshini wakati huo ilikuwa Lee-Enfield fupi ya mwaka 1904. Mtutu wake ulipunguzwa kutoka inchi 30 hadi 25, na walenga shabaha wa Uingereza walipiga kelele sana, wakisema mtutu mfupi na mwembamba hauwezi kuwa sahihi. Walikuwa na hoja, ila si ile waliyoidhani. Urefu wenyewe hauongezi usahihi. Huongeza kasi kidogo na kurefusha nafasi kati ya vijicho viwili vya kulengea. Unene ndio wenye maneno. Risasi ikifyatuliwa, mtutu wote hutetemeka na mdomo wake huchezacheza kwa muda wa takriban sehemu mbili kwa elfu za sekunde ambazo risasi iko ndani. Mtutu mwembamba hucheza zaidi, na ukipata joto hupinda kidogo kama chuma hakikutulizwa sawasawa kiwandani. Ubao unaoushika ukilowa mvua na kuvimba, ukausukuma upande, shabaha huhama bila askari kugusa chochote. Lee-Enfield Namba 4, iliyokuja kuchukua nafasi yake katika Vita vya Pili, ilipewa mtutu mnene zaidi kwa sababu hiyo.

Kisha vita hivyo vikaleta jambo ambalo mafundi wa zamani wasingeliamini. Viwanda vilikuwa na haraka, na baadhi ya mitutu ya Namba 4 ilichongwa na michirizi miwili tu badala ya mitano. Ilipojaribiwa, kwa matumizi ya vita, ikaonekana inapiga karibu sawa na ile ya mitano. Karne nzima ya kubishania saba, sita na tano iliishia hapo. Kilichoonekana kuwa na uzito zaidi ni tundu kuwa sawa kutoka mwanzo hadi mwisho, na mdomo wa mtutu kuwa mzima. Sehemu hiyo ndogo ya mwisho ndiyo inayoiachia risasi, na ikiwa na pengo upande mmoja, gesi hutokea hapo kwanza na kuisukuma. Ndiyo maana askari walikaripiwa sana kuhusu kamba ya kusafishia. Kamba ikivutwa mshazari, siku baada ya siku, hula ukingo wa mdomo, na bunduki iliyochongwa kwa usahihi wa unywele hupotezwa shabaha na uzi wa pamba.

Keya wa Kenya wakawa Kenya Rifles tarehe 12 Desemba 1963. Namba 4, inayojulikana nchini kwa jina la Mark 4, iliendelea kubebwa kwa miongo mingi na polisi wa utawala na askari wa akiba wanaolinda mifugo kaskazini na kwenye Bonde la Ufa. Mara kwa mara wamekabiliana na wezi wa ng'ombe wenye AK-47. Mtutu wa Mark 4 una shabaha bora kwa mbali kuliko wa AK, lakini askari wa akiba hufyatua risasi moja, akavuta komeo, akafyatua nyingine, wakati mwizi anamwaga risasi kadhaa kwa pumzi moja. Nayo nchi yenyewe ikageukia kuunda bunduki: Aprili 2021 Rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alifungua kiwanda cha kuunda bunduki Ruiru, chenye uwezo wa kutoa bunduki 12,000 kwa mwaka.